Watu Arobaini na Watatu wa Mtelezo

Mama yangu anauza chai na maandazi katika kibanda kilichoko nyuma ya soko la Lushoto. Kila siku ya shule mimi huamka saa kumi na moja alfajiri, hukanda unga, husukuma maandazi, kisha huvaa sare na sweta na kukimbia shuleni nikiwa bado nanukia mafuta. Wenzangu wa darasa la sita hunitania kwa harufu hiyo, ingawa maandazi yenyewe nikiwapelekea hawayakatai. Siku za gulio, yaani Alhamisi na Jumapili, kazi huwa mara mbili, maana ndipo watu wa vijijini wanaposhuka mjini na kabichi, karoti, njegere na mapeasi yao.

Wengi wao hushuka kwa njia ya miguu inayoitwa Mtelezo. Jina lenyewe linatosha kuieleza. Ni njia nyembamba ya udongo mwekundu inayotoka mlimani na kuishia barabarani, upande wa pili wa soko. Kiangazi ina vumbi, masika huteleza kama sabuni. Bibi yangu mzaa mama, Bibi Secilia, hupita hapo kila gulio akiwa na tenga la kabichi kichwani. Mwaka jana alianguka akavunjika mkono wa kushoto, na kabichi zikabingirika hadi barabarani, pikipiki zikawa zinazikwepa. Watu walicheka kwa sababu ya zile kabichi. Hata Bibi alicheka, mpaka alipojaribu kuinuka.

Basi mwaka huu, katikati ya masika, ilitangazwa kwamba barabara ya katikati ya mji itatengenezwa. Kungekuwa na lami mpya, mifereji ya maji ya mvua, na ngazi ya zege yenye vyuma vya kushikilia. Ngazi moja tu. Sehemu mbili ziliihitaji: Mtelezo, na mteremko wa stendi ambako abiria hupanda na kushuka na mabegi yao. Siku moja mhandisi wa mradi, Mhandisi Rahma, alikuja shuleni kwetu akiwa na buti zenye matope na furushi la karatasi. Alitaka darasa la sita limsaidie kuhesabu watu.

"Sitaki kukisia," alituambia. "Mtahesabu siku mbili, Jumanne ambayo ni siku ya kawaida, na Alhamisi ambayo ni gulio. Mtaanza saa kumi na mbili asubuhi na kumaliza saa tatu. Mtu mmoja, kijiti kimoja. Vikifika vinne, cha tano kinakatisha. Mkihesabu kumi nitaandika kumi, mkihesabu elfu nitaandika elfu. Karatasi hizi ndizo zitakazoingia kwenye kikao cha madiwani."

Mwalimu wetu, Mwalimu Benjamini, alitugawa wawili wawili. Mimi na Jafari tulipewa Mtelezo.

Jumanne tulihesabu kwa moyo wote. Tulibishana hata juu ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Jafari alisema ni mtu, mimi nikasema miguu yake haijagusa njia. Mwishowe tukamwandika, maana mama yake alitusikia akatuuliza kama tunadhani amebeba kiazi. Hadi saa tatu tulikuwa tumepata watu thelathini na wanane.

Kesho yake jioni nilikuwa naosha vikombe pale kibandani. Fundi Yusufu, mshonaji wa jirani, alikuwa anakunywa chai na kunitania kama kawaida yake.

"Mtaalamu wa takwimu!" alisema. "Mnajisumbua bure. Mambo haya yameshaamuliwa zamani. Hizo karatasi zenu utaziona hapahapa zikifungia maandazi."

Alikuwa anatania tu, na hata Mama alimwambia aache kumvunja mtoto moyo. Lakini mimi neno lile nililihifadhi. Mtu akitaka kufanya uvivu hukosa vyote, ila kisingizio hakikosi.

Alhamisi ilikucha na mvua. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati ya soko, na baridi ilikuwa ile ya kutia ganzi vidole. Mama yake Jafari alikuwa amenidokeza mimi, Mama akiwa amekwenda kuchota maji, kwamba mwanawe ana homa. Nilichukua karatasi na kalamu, nikafika mlangoni, nikatazama nje, kisha nikarudi kukaa karibu na jiko.

"Hujaenda kuhesabu?" Mama aliuliza huku akigeuza maandazi.

"Jafari yuko kule," nilimjibu. "Tumegawana. Yeye leo, mimi nilifanya sana Jumanne."

Mama alikuwa na wateja sita wanaomwita kwa wakati mmoja. Aliniamini, akanipa kikombe cha chai ya tangawizi. Niliinywa yote.

Saa tatu ilipokaribia nilitoa karatasi ya Jumanne nikaitazama. Nilijua vizuri kwamba Alhamisi si Jumanne. Mtoto gani wa Lushoto asiyejua gulio? Kwa hiyo nikachora vijiti thelathini na vinane, kisha nikaongeza vitano kwa ajili ya gulio, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye mchuzi. Vikawa arobaini na vitatu. Nikavinyoosha vizuri kwa rula.

Shuleni Mwalimu Benjamini alikusanya karatasi. Za wenzangu zilikuwa zimelowa, wino umechuruzika, moja ilikuwa na alama ya kiatu. Yangu aliinua juu darasa zima wakaiona.

"Tazameni kazi ya Paskalina! Mvua yote ile, na karatasi yake haina hata tone moja. Huu ndio umakini."

Darasa likanipigia makofi. Nilitazama dawati langu, nikahisi masikio yanawaka. Ile ilikuwa nafasi yangu ya kwanza ya kusema kweli, nami niliiacha ipite.

Jumapili mchana, soko lilipopungua watu, mkutano wa hadhara ulifanyika palepale sokoni. Wanafunzi tulikalishwa mbele kwenye mabenchi, tumevaa sare kama wageni waalikwa. Mhandisi Rahma alibandika ramani ya mji ukutani, akaeleza mambo ya lami na mifereji, kisha akafika kwenye ngazi.

"Tumewahesabu watu kwa siku mbili," alisema. "Upande wa stendi, Jumanne walipita mia moja na sitini, Alhamisi mia moja na themanini na tano. Upande wa Mtelezo, Jumanne thelathini na wanane, Alhamisi arobaini na watatu. Kwa hesabu hizi, ngazi itapendekezwa ijengwe upande wa stendi."

Watu wa stendi wakashangilia. Kule nyuma, kati ya wanawake waliokaa na matenga yao matupu, niliona mtu akisimama taratibu. Alikuwa Bibi Secilia.

"Mwanangu mhandisi, samahani," alisema. "Hao arobaini na watatu ni wa Alhamisi hii iliyopita? Mimi nilipita. Kijijini kwetu peke yake tulishuka wengi kuliko hao. Na kuna vijiji vingine."

"Bibi, unabishana na karatasi?" kijana mmoja alipaza sauti kutoka upande wa bodaboda. "Wamehesabu wanafunzi hao. Wewe ulihesabu na nini?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa mkutano akawanyamazisha, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka.  Bibi akasema maneno ambayo nayasikia hadi leo.

"Basi nitakuwa nimekosea. Hawa watoto wamesoma, mimi sikusoma. Tena mjukuu wangu mwenyewe alikuwa pale Mtelezo anahesabu. Paskalina hawezi kusema uongo. Nimekosea mimi, mnisamehe."

Akaketi. Nilikuwa nimekaa hatua kumi tu kutoka kwa mhandisi. Ningeweza kusimama. Sikusimama. Nilibaki nimeinamisha kichwa nikitazama viatu vyangu kwa aibu. Mkutano ulipokwisha nilijificha chooni hadi Bibi alipoondoka kurudi kijijini.

Siku tatu zilizofuata sikula vizuri. Mama alinishika paji la uso akadhani nina homa. Jafari alikuwa amepona. Aliniuliza siku moja wakati wa mapumziko, "Hivi siku ya gulio walipita arobaini na watatu tu?" Nikamwambia ilikuwa mvua. Alinitazama. Alijua, nami nilijua kwamba amejua.

Alhamisi iliyofuata nilirudi kutoka shuleni saa tisa na nusu, nikamkuta Bibi amekaa kibandani peke yake. Mama alikuwa ameenda kununua unga. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitikia, lakini uso wake haukuwa na uchangamfu wa siku zote. Mapajani alikuwa na kikapu kidogo kilichofunikwa kwa kitambaa.

"Afadhali umekuja," alisema. "Kaa hapa unisaidie, wewe unayejua hesabu."

Akafunua kikapu. Ndani mlikuwa na maharage.

"Leo sikuuza kabichi," akaeleza. "Nimemwachia jirani aniuzie. Nilikaa pale Mtelezo tangu alfajiri hadi saa tatu, chini ya upenu wa duka. Kila mtu aliyepita nilitia haragwe moja humu. Mtu mmoja, haragwe moja. Nihesabie."

"Kwa nini, Bibi?"

 Alilainisha kitambaa kwa ule mkono uliowahi kuvunjika.

"Marehemu mama yangu alianza hivihivi," alisema. "Alikuwa anaona vitu ambavyo havipo. Anasema nyumbani kuna wageni, kumbe hakuna mtu. Mimi niliona watu wengi Mtelezo, na karatasi inasema arobaini na watatu. Nataka kujua kama akili yangu imeanza kuondoka. Nihesabie, mjukuu wangu, uniambie kweli."

Nilimimina maharage kwenye sinia la maandazi. Nikaanza kuyapanga kumi kumi. Mengine yakaanguka chini nikayaokota. Nilifika arobaini na matatu, na sinia lilikuwa bado limejaa. Nilifika mia. Nilifika mia mbili. Bibi alikuwa ananitazama usoni, si kwenye maharage.

"Mia mbili themanini na saba," nilisema.

Bibi alishusha pumzi. Halafu akatikisa kichwa. "Labda nilikuwa natia mawili mawili bila kujua."

Hapo nilishindwa. Nililia kwa sauti, nikapiga magoti kwenye ile sakafu ya udongo. "Hukutia mawili mawili, Bibi. Hukukosea. Mimi sikwenda. Ilikuwa mvua, nikakaa hapahapa nakunywa chai, nikaandika namba za uongo. Akili yako ni nzima. Mwongo ni mimi."

Nilitegemea anichape. Ningefurahi kama angenichapa. Bibi alirudisha maharage kikapuni, akafunga kitambaa, akajifunga kanga yake vizuri, akasema neno moja tu.

"Twende."

Tulitembea kutoka sokoni hadi ofisini kwa mhandisi, yeye mbele mimi nyuma.  Watu waliomfahamu walimsalimia, akawaitikia mmoja mmoja kwa Kishambaa kama kawaida, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mhandisi Rahma alikuwa anakaribia kufunga ofisi. "Shikamoo, Bibi," alisema akasogeza kiti.

"Marahaba, mwanangu. Huyu mtoto ana maneno yake."

Nilisema yote. Safari hii sikuacha kitu, hata ile rula niliyonyooshea vijiti. Mhandisi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua jalada, akatoa karatasi yangu nzuri isiyo na tone la maji, akaiweka mezani mbele yangu.

"Paskalina, unajua wanawake wa huko juu wangapi wanaweza kuja ofisini kwangu kuniambia shida ya njia yao?" aliuliza. "Wengi wao gulio likiisha wanawahi kupanda kabla giza halijaingia. Kijiti chao kwenye karatasi hii ndiyo sauti yao. Wewe uliwafuta watu zaidi ya mia mbili, kwa sababu ulisikia baridi."

"Nisamehe, Mhandisi."

"Madiwani wanakaa Ijumaa ya wiki ijayo. Bado kuna nafasi. Jumapili ni gulio, tutahesabu upya, na nitakuwepo mwenyewe. Tutahesabu pande zote mbili, ili na watu wa stendi wasionewe. Lakini kuna jambo lingine. Bibi yako alichekwa mbele ya watu."

 Nilielewa alichotaka.

"Nitasema mbele ya watu," nikajibu.

Jumapili saa kumi na mbili kasoro nilikuwa Mtelezo pamoja na Jafari, Mhandisi Rahma na Mwalimu Benjamini. Mwalimu hakunigombeza. Alinipa tu karatasi mpya, na sura yake ya huzuni iliniuma kuliko fimbo. Wanafunzi wengine walikuwa stendi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, ukungu umetanda, na kabla hatujaona mtu yeyote tulisikia sauti zao zikishuka kutoka juu, wakionyana mahali penye utelezi.

Kisha wakaanza kutokea. Walishuka mmoja mmoja, kisha watatu watatu, kisha mfululizo bila kukatika. Wengine walishuka kinyumenyume wakishikilia majani. Mama mmoja mjamzito alivua ndala, akazishika kwa meno, akashuka kwa kukaa huku amekumbatia tenga lake. Mzee mwenye gunia la karoti alisimama mara nne kupumzika. Hawa ndio niliowaandika kwa rula nikiwa karibu na jiko.

"Onga maundo," walitusalimia kwa Kishambaa, nasi tukaitikia. Mwanamke mmoja alisimama mbele yangu akifuta matope magotini.

"Wewe ndiye yule wa arobaini na watatu?"

"Ndiyo, mama."

"Leo umeniandika?"

Nilimwonyesha kijiti chake. Alikitazama, akacheka kidogo, akaenda zake sokoni. Karatasi yangu ililowa, wino ukachuruzika, nikalazimika kuandika juu ya goti. Saa tatu tulipojumlisha, walikuwa mia tatu na wawili. Upande wa stendi walikuwa mia moja na tisini.

Siku hiyohiyo, baada ya ibada ya pili, mwenyekiti aliwaita watu palepale sokoni. Alinipa kipaza sauti. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, ameshika mwiko, na Fundi Yusufu pembeni yake hakuwa na utani. Nilizitazama nyuso nyingi kiasi kwamba sikuona hata moja.

"Wiki iliyopita mlimcheka bibi yangu," nilisema. Sauti yangu ilitoka kwenye spika ikiwa kubwa kuliko nilivyotaka. "Bibi Secilia hakukosea. Mimi sikuhesabu. Niliwadanganya mwalimu, mhandisi, mama yangu na ninyi nyote. Naombeni msamaha."

Hakuna aliyepiga makofi, na ndivyo ilivyostahili. Yule kijana wa bodaboda alitoka kwenye kundi, akaenda hadi alipokaa Bibi, akainama na kumwambia, "Shikamoo, Bibi. Unisamehe." Bibi akamwitikia, akampa mkono.

Ijumaa ile madiwani walikubali ngazi ijengwe Mtelezo, na mteremko wa stendi ukawekwa kwenye mpango wa mwaka unaofuata. Mafundi walianza kuchimba mwezi wa Sita, mvua zilipokatika. Mama alinipa adhabu yangu ya kuosha vyombo vyote vya kibanda kwa mwezi mzima, nami niliitumikia bila kununa.

Lakini Bibi alikuwa hajaniambia kitu tangu lile neno lake moja. Alisema Jumapili iliyofuata, baada ya habari ya madiwani kumfikia. Alikuwa amemaliza chai, tenga lake tupu liko miguuni. Akanivuta nikae karibu naye.

"Mkono wangu ulivunjika, ukapona," alisema. "Watu walinicheka, nikasahau kabla sijafika nyumbani. Lakini siku zile nne, mjukuu wangu, nilikuwa nahesabu kuku wangu asubuhi na jioni nione kama akili bado ipo. Niliogopa hata kuwasha moto, nisije nikausahau nikaunguza nyumba. Nilikuamini wewe kuliko macho yangu. Ukimdanganya mtu anayekupenda, hakushuku wewe. Anajishuku mwenyewe. Uongo wote ni mbaya, lakini huo ndio mbaya kuliko wote. Usiurudie kwa mtu yeyote."

Nilimwahidi. Sikuweza kumtazama wakati nikiahidi, akanishika kidevu akaniinua uso mpaka nikamtazama.